KUSAFISHA ARDHI YENYE MABOMU NI KAZI, NA KAZI INA HAKI ZAKE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Oldonyiro)



Habari za Archer's Post na Dol Dol, majirani zetu, twazijua wote. Kwa miaka mingi askari wa Uingereza, na wa Kenya pia, walipiga mizinga ya mazoezi katika malisho yale. Mabomu yasiyolipuka yakabaki majanini. Wachungaji, na watoto miongoni mwao, waliyaokota. Wengine walikufa, wengine walikatika mikono. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 4 na nusu kwa watu zaidi ya 200. Lakini fedha humfidia aliyeumia. Haiondoi bomu lililo ardhini.

Kazi yenyewe hufanywaje? Kwanza huulizwa wenyeji, kisha mahali hutiwa alama. Fundi hupita hatua kwa hatua na chombo kinacholia penye chuma, na bomu hulipuliwa papo hapo. Mwisho hupimwa udongo na maji, kwa kuwa risasi na baruti huacha sumu.

Basi chama chadai mambo matatu.

La kwanza, wachungaji wakae mezani ramani inapochorwa, maana ndio wazijuao njia za mifugo. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yatupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 chaitaka serikali iwashirikishe wananchi.

La pili, vijana wa hapa wafundishwe na kuajiriwa. Mwaka 2005 Kenya na Uingereza zilifungua chuo cha kazi hii Embakasi, Nairobi. Asituambie mtu kuwa haifundishiki kwetu. Lakini asipewe yeyote kibarua cha kuokota vyuma bila mafunzo, mavazi ya kinga, bima, na daktari karibu.

La tatu, isitangazwe kuwa kazi imekwisha mpaka wazee wapewe ramani ya palipopekuliwa na pasipopekuliwa.

Nasi tuna wajibu. Ukiona chuma usichokijua, usiguse, usikipige, usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama kwa mbali, mwarifu chifu au polisi. Watoto waambiwe hayo leo jioni, kabla mbuzi hawajatoka kesho.