Mbwa Mdogo Akifura Tumbo Ghafla



Ng'ombe akifura tumbo, boma lote huamka. Lakini mbwa mdogo akifura tunasema, "Huyo amekula sana, muache." Saa ingine ni kweli. Saa ingine atakufa kabla jua halijatua. Basi leo tujifunze kutofautisha.

Kwanza, umri. Watoto wa mbwa wakiwa na tumbo la mviringo huku mbavu zinaonekana, mara nyingi ni minyoo. Huwaingia wangali tumboni mwa mama yao, au kwa maziwa yake. Dawa huanza wakiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 mpaka wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Na si shida ya mbwa peke yake. Mayai ya minyoo hiyo hukaa udongoni. Watoto wetu wakiyameza, minyoo inaweza kufika hata machoni. Kwa hivyo kinyesi kifukiwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Pili, chakula. Mbwa akiiba ugali, tumbo litajaa. Akiwa mchangamfu na anatembea vizuri, mwangalieni tu. Lakini akila unga uliokandwa na hamira, huo huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe. Huyo apelekwe kwa daktari mara moja.

Tatu, tumbo kujaa hewa na kujipinda. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, lakini hata wadogo hupatwa. Anajaribu kutapika na hakuna kinachotoka, udenda unamtoka, hatulii, tumbo limekaza kama ngoma. Ufizi ukiwa umepauka, damu haizunguki vizuri. Hapo tunahesabu saa, si siku.

Nne, mbwa jike. Kama alikuwa kwenye joto wiki chache zilizopita, na sasa anakunywa maji sana, hataki kula na tumbo linakua, huenda ni usaha kwenye mfuko wa uzazi. Naye aonwe siku hiyo hiyo.

Tahadhari moja: udenda na tabia iliyobadilika vyaweza pia kuwa kichaa cha mbwa. Kama hajachanjwa, msimtie mkono mdomoni. Mfungieni, mwite daktari wa mifugo.

Tusimnyweshe mafuta wala soda. Tusimtoboe tumbo. Tusimpe dawa za maumivu za watu, maana nyingine humuua. Tumnyime chakula, tusimkande tumbo, tumfikishe kwa daktari.

Sasa tufanye kazi kidogo. Kila kikundi kiandike leo namba ya daktari wa mifugo aliye karibu, na kikubaliane ni nani mwenye pikipiki atakayeitwa usiku. Mbwa hulinda kuku, mbuzi na usingizi wetu. Siku akifura tumbo, tusianze kuulizana namba ni gani.