Tusinyimane Maji kwa Kukosa Choo



Tumeombwa tueleze kwa nini mwaka huu sisi waendesha baiskeli wa chama tunachangisha fedha za vyoo, wakati wengi walitegemea kusikia habari za madawati.

Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, na sasa ni lami. Kushuka ni raha. Kurudi ndiko kazi: kutoka ziwani, takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, hadi Mbinga mjini, zaidi ya mita 1,000. Kwenye milima ile mwendesha baiskeli anahitaji nusu lita ya maji au zaidi kila saa. Lakini akina mama na dada zetu msafarani hunywa kidogo makusudi, kwa sababu hawana pa kujisitiri. Sisi wanaume tunasema "tunachimba dawa", tunaingia shambani. Mashamba hayo ya ngolo na kahawa ni ya wazazi wetu.

Hili si la baiskeli peke yake. Mama anayepeleka usipa sokoni, abiria wa basi, dereva wa bodaboda, mjamzito anayekwenda kliniki, wote wanapita njia hiyo. Mvua ikinyesha, tulichoacha kichakani huteremkia mitoni hadi Ziwa Nyasa. Mayai ya kichocho hutoka na mkojo na kinyesi, huanguliwa majini, vimelea hukulia ndani ya konokono, kisha humwingia mtoto anayeoga ufukweni.

Tunapendekeza vituo viwili: kimoja katikati ya njia, kingine Mbamba Bay. Kila kimoja kiwe na matundu ya wanawake na ya wanaume, milango yenye komeo, maji ya kunawa, benchi kivulini na pampu ya baiskeli.

Sasa hesabu. Choo cha njiani hakifi kwa kukosa matofali. Hufa kwa kukosa maji, sabuni na mtu wa kukisafisha. Kwa hiyo tunaomba michango ya mafungu mawili: la kujenga, na la kuendesha kwa mwaka wa kwanza. Hatutachimba msingi kabla fungu la pili halijatimia. Baada ya hapo kituo kijitegemee. Kwa mfano, watu 40 kwa siku wakilipa shilingi 300 kila mmoja, ni shilingi 12,000, yaani 360,000 kwa siku 30. Wanafunzi na watoto wasilipe.

Kila mchango utakatiwa risiti, na mapato na matumizi yatasomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu ujao.

Ndugu zetu, haba na haba hujaza kibaba. Tuchangie, ili mama zetu wanywe maji bila hofu.