Mkono Utangulie Ubao: Kufundisha Ufundi Hadi Ueleweke

Hotuba ya mkufunzi wa uashi kwa wakufunzi wenzake, wazazi na wakaazi wa Kinanie



Nimeombwa nizungumzie njia bora za kufundisha vijana wa vyuo vya ufundi. Nianze na jambo ambalo kila mkufunzi hapa analijua: mwanafunzi wetu ana kazi nyingine inayomwita kila asubuhi. Viwanda vya saruji na vya nguo vya Athi River viko karibu, na nyumba zinajengwa kila upande. Kijana akienda kwenye mjengo, jioni anarudi na pesa za kibarua. Akija chuoni, anarudi na daftari. Basi tusijiulize tutamlazimisha vipi akae darasani. Tujiulize hivi: leo akirudi nyumbani, anaweza kufanya nini ambacho jana hakukiweza?

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo vyuo hivi ni vyenu, wakaazi. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 nayo ilifungua njia ya mfumo tulio nao sasa, unaopima umilisi: mwanafunzi aonyeshe kazi, si kukariri tu. Wahenga walilisema mapema: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Njia ya kwanza ni mkono kutangulia ubao. Ukianza somo la pembe mraba kwa kuandika kanuni ya Pythagoras ubaoni, nusu ya darasa itasinzia. Watoe nje kwanza, uwape kamba, vigingi na utepe wa kupimia. Wapime mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili, kisha wapime kutoka alama hadi alama. Ikiwa ni mita 5 kamili, kona ni mraba. Ikipungua au ikizidi, msingi umepinda, na kuta, milango na mabati vitapinda pamoja nao. Baada ya hapo rudini ubaoni. Sasa kanuni ina maana, hata kwa kijana aliyeiogopa hesabu tangu shule ya msingi.

Pili, tufundishe kwa mambo ya hapa kwetu. Sehemu kubwa ya nyanda hizi za Athi ina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Nyumba iliyosimamishwa juu yake bila kuchimba hadi ardhi ngumu hupata nyufa. Wapeleke wanafunzi watazame nyufa hizo, kisha uwaulize: msingi huu ungechimbwa vipi? Hapo mwanafunzi hasomi kwa ajili ya mtihani pekee. Anasoma kwa ajili ya nyumba ambayo mama yake analala ndani.

Tatu, acha kosa lifundishe mahali ambapo haliwezi kumuumiza mtu. Changanyeni zege mara mbili: saruji sehemu 1, mchanga 2, kokoto 4. Mchanganyiko wa kwanza uwe na maji ya kadiri, wa pili uwe na maji mengi, kama wanavyofanya wengi kwenye mjengo ili koleo liwe jepesi. Jazeni visanduku vidogo, mvitunze kwa unyevu siku 7, kisha mvigonge kwa nyundo. Zege lenye maji mengi ndilo dhaifu. Mwanafunzi aliyelivunja kwa mkono wake hahitaji kuambiwa mara ya pili.

Nne, tuheshimu ujuzi anaokuja nao. Darasani kuna kijana aliyefanya kibarua miaka miwili. Anajua kujenga kwa mawe ingawa hawezi kusoma ramani. Mpe nafasi awaonyeshe wenzake, nao wamsaidie kwenye ramani. Kijana kama huyo aambiwe pia kwamba mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia daraja la III hadi la I, inawapokea hata waliojifunza kazi mtaani.

Tano ni lugha. Eleza kwa Kiswahili, na pale inapobidi kwa Kikamba. Lakini jina la kila kifaa liandikwe pia kwa Kiingereza, kwa sababu ramani na mitihani imeandikwa kwa lugha hiyo. Ni hasara kijana anayejua kutumia timazi na pima maji kushindwa kwa sababu hakulitambua swali.

Tena, tuchunge ulimi. Mfumo wa umilisi humwita mtu amehitimu au bado hajahitimu. Neno "bado" lina mlango. Neno "umefeli" limefungwa. Wengi wa vijana hawa wameshaambiwa mara nyingi kwamba wamefeli.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Jioni msimuulize kijana amepata alama ngapi. Muulizeni leo ametengeneza nini, na kama kuna kiti kilicholegea au ukuta uliobomoka nyumbani, mwacheni ajaribu. Msiseme mbele yake kwamba chuo cha ufundi ni cha waliokosa pengine pa kwenda. Siku ya kujenga, huyo ndiye mtakayemtafuta.

Kibarua kinalipa leo, hilo hatulikatai. Lakini anayebeba mawe bila ujuzi ataendelea kubeba mawe mwaka ujao, na anayejua kupima kona ndiye atakayempangia kazi. Kijana hataliamini hilo kwa maneno yetu. Ataliamini akitoka chuoni kila jioni na kitu kipya mikononi. Wakufunzi wenzangu, kesho asubuhi tuanzie nje, kwenye kamba na vigingi.