Chanzo cha Kazi Kuzorota: Funzo la Rufiji



Kazi inapozorota katika ofisi, shule au zahanati, neno la kwanza kutajwa ni uzembe. Mtumishi huandikiwa barua ya onyo, kisha huhamishwa, na yule anayekuja kushika nafasi yake hukuta matatizo yale yale yakimngojea mlangoni. Ni mara chache sana kuulizwa kazi hiyo imekwamia wapi hasa, na ni nani aliyekwenda kuangalia.

Wilaya ya Rufiji, kabla Kibiti haijawa wilaya ya peke yake, ilipata bahati ya kuulizwa swali hilo. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, iliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi kuwa TEHIP katika Rufiji na Morogoro Vijijini. Tangu mwishoni mwa mwaka 1998 wadadisi walipita nyumba kwa nyumba, mara tatu kwa mwaka, katika sehemu za Bungu, Kibiti, Mchukwi na Ikwiriri, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama na nani kafariki. Palipotokea kifo, wafiwa waliulizwa dalili za ugonjwa na mahali mgonjwa alikopelekwa.

Majibu yao yalikuwa mazito. Ilikuwa imezoeleka kuaminika kwamba watu hufa kwa malaria kwa sababu hukimbilia kwa waganga wa jadi, hasa mtoto anaposhikwa na degedege. Lakini vifo 320 vya malaria vilivyofuatiliwa kati ya mwaka 1999 na 2001 vilionyesha kwamba karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamekimbilia kwanza tiba ya kisasa. Mwananchi alikwisha kufika! Hata hivyo, isingekuwa haki kuihamishia lawama yote kwa mganga wa zahanati. Klorokwini aliyoagizwa kuitoa ilikuwa imeanza kushindwa na vimelea vya malaria, hata Serikali ikaibadilisha mwezi Agosti, 2001. Mtumishi huyo aliweza kuufuata mwongozo neno kwa neno, na mgonjwa asipone.

Fedha nazo zilichunguzwa. Huko Morogoro Vijijini ilibainika kuwa malaria ilisababisha kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Hakuhitajika mwizi ili hali iwe hivyo. Ilitosha bajeti kuandikwa kwa mazoea.

Hatua zilizofuata hazikuwa za ajabu. Viongozi wa afya wa wilaya walipewa takwimu katika michoro myepesi, badala ya vitabu vinene vya kulaliwa na vumbi kabatini. Watumishi walifundishwa kumpima mtoto mgonjwa kwa ukamilifu, si homa peke yake. Zahanati zikawekwa chini ya usimamizi wa vituo vya afya vilivyo jirani, na simu za upepo zikapunguza safari za gari. Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sifa yote si ya mradi, kwani vyandarua navyo vilikuwa vikienea.

Jambo moja lisisahauliwe. Sehemu zile zilizopitiwa na wadadisi ziko nchi kavu, na gari hufika. Delta ina mambo yake. Mkaguzi anayekuta zahanati ya Msala haina dawa hana budi kuuliza kwanza boti lilifika lini, na kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Vivyo hivyo mwalimu wa bondeni anayeona madawati matupu wakati wa kilimo. Huenda watoto wako na wazazi wao katika madungu, mwendo mrefu kutoka kijijini, wakilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Daftari la mahudhurio litamwonyesha ni miezi gani. Wazazi watamweleza yaliyobaki, akiwafuata huko huko shambani.