KIFUNIKO CHA MSUMENO KISIZUIWE
(Maneno aliyosema fundi seremala katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya msumeno wa umeme wa mkono, ule wenye bamba la meno la duara. Wengi wenu mwajua kwa nini nachechemea. Lakini vijana hawajui, kwa hiyo nitawaeleza.

Katika karakana niliyofanya kazi zamani tulilipwa kwa hesabu ya mbao zilizokatwa. Msimamizi aliona kwamba kile kifuniko cha chini, kinachojifunga chenyewe kwa springi, chatuchelewesha. Akatuamuru tukizuie kwa kabari kisijifunge. Tukatii. Siku moja nilimaliza kukata, nikaachia swichi, nikauweka msumeno sakafuni. Bamba lilikuwa bado lazunguka. Meno yakashika sakafu, msumeno ukanirukia, ukanikata mguu.

Ndugu zangu, haikuwa bahati mbaya. Meno ya chini huzunguka kwenda mbele. Yakikwama mahali, msumeno hurudi nyuma kwa nguvu, na nyuma ndipo alipo fundi. Kwa hiyo shikeni haya:

Kwanza, kabla ya kuanza, toa plagi. Hakikisha meno ni makali na kifuniko chajifunga upesi. Kama hakijifungi, msumeno huo haufai kazi mpaka utengenezwe.

Pili, pima kina. Meno yatokeze chini ya ubao kidogo tu, kiasi cha milimita 3 hadi 6.

Tatu, funga ubao kwa jiliwa. Usiushike kwa mkono wala kuulaza juu ya goti. Usikate katikati ya vigogo viwili, maana ubao hulegea katikati na kulibana bamba. Kata nje ya kigogo, kipande kidogo kianguke chenyewe.

Nne, simama kando kidogo, si nyuma ya msumeno sawasawa. Shika kwa mikono miwili, waya uwe mbali. Vaa miwani ya kazi, usivae shati lenye mikono mipana. Bamba likibanwa, achia swichi, ngoja lisimame kabisa, ndipo uutoe.

Tano, usiweke msumeno chini kabla haujanyamaza.

Sasa neno la sheria. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1951 ilikwisha kuondolewa, na mahali pake ipo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, na amwarifu msimamizi wake. Na mwajiri hana ruhusa kumrudisha hapo mpaka hatari iondolewe. Lakini yatufunga na sisi: tusiviharibu vyombo vya kutukinga. Ukiumia, mwarifu mwajiri mara moja, maana iko Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo wa 2007.

Najua mtasema, "Kijana akikataa kabari, kesho hana kazi." Ni kweli, akikataa peke yake. Mimi sikukataa, wala wenzangu hawakukataa, kwa kuwa kila mmoja alimwogopea mtoto wake njaa. Basi kuanzia leo, akiamriwa mmoja, amwite mjumbe wa chama, na karakana nzima iseme neno moja: kabari itoke. Kumi hawafukuzwi upesi kama mmoja.

Tahadhari kabla ya hatari.