Simu ya Dereva wa Bodaboda na Nafasi ya Abiria
Mazungumzo na watumiaji wa usafiri wa pikipiki, Chamazi



Leo tumekuja kuzungumza nanyi mlio abiria, kwa kuwa madereva husemwa kila siku na abiria husahaulika. Atokaye Mbagala Rangi Tatu kuelekea Mbande, au ateremkaye karibu na uwanja wa Azam Complex akitafuta njia ya kuingia mitaani, mara nyingi humalizia safari yake juu ya bodaboda. Hapo juu huwa pana watu wawili na, siku hizi, simu mbili.

Tuanze na mikono. Mkono wa kushoto hukamata klachi; wa kulia hutia mafuta na kukamata breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha chombo. Dereva akishika simu kwa mkono wowote, ipo kazi iliyobaki bila mwenyewe. Wengine, ili kuliepa hilo, hulegeza mkanda wa kofia ngumu na kuichomeka simu kati ya kofia na shavu. Kwa nje aonekana amevaa kofia. Lakini kofia isiyofungwa kidevuni yaweza kuchomoka pale pale inapohitajika.

Kisha macho. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa hukata takribani mita 11 kila sekunde. Kusoma ujumbe wa fedha iliyoingia, tuseme kwa sekunde 3, ni mita 33: sawa na maboksi mawili ya penalti ya uwanja wa mpira yaliyopangwa moja mbele ya jingine, nawe umepitishwa humo na mtu asiyetazama mbele. Katika umbali huo mtoto huvuka barabara, na daladala husimama bila kuaga.

Wapo wanaodhani kuwa visikizi vya masikioni vimelimaliza tatizo. Havijalimaliza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa anayetumia simu akiendesha yumo katika hatari ya kupata ajali takribani mara 4 zaidi ya asiyeitumia, na kwamba kuzungumza bila kuishika simu hakuleti nafuu kubwa, kwa kuwa kinachotekwa ni akili.

Lakini kwa nini aipokee? Hapa twaomba mtusikilize kwa makini. Wengi wa madereva hawa si wenye pikipiki. Wanadaiwa hesabu ya bosi. Simu isiyopokelewa ni mteja aliyekwenda kwa mwingine, na programu za kuitia usafiri humpa sekunde chache tu za kuikubali safari, hata akiwa mwendoni. Na anayepiga ni nani? Mara nyingi ni mmoja wetu: "Uko wapi? Mbona hufiki?" Tunamsumbua aliye barabarani, pengine amembeba mtoto wa jirani yetu kumpeleka shule, kisha jioni twalalamika kuwa madereva hawana nidhamu.

Kwa hiyo unapomwita dereva, eleza mahali ulipo kikamilifu mara moja, kwa jina la kituo, duka au msikiti ulio jirani, kisha usipige tena. Ikibidi kupiga, swali lako la kwanza liwe: "Umesimama?" Akisema hapana, kata. Na dereva wako wa siku zote umwambie wazi kuwa asipopokea utamsubiri, wala hutamwita mwingine. Neno hilo moja, kwa maoni yetu, lina nguvu kuliko mabango mengi.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, mwaka uleule ambao Martin Cooper alipiga simu ya kwanza ya mkononi mjini New York. Uendeshaji wa kizembe ni kosa tangu zamani hizo, ila askari hawezi kuwapo kila kona ya Chamazi. Abiria yupo.

Simu yako nayo iweke mfukoni au ndani ya mkoba. Ukiishika mkononi unawaalika vishandu, na mvuto wa ghafla waweza kuwaangusha nyote wawili.

Dereva akipokea simu njiani, mwambie kwa upole: "Kaka, simama kwanza uzungumze, mimi nasubiri." Akikataa, mtake akushushe mahali penye watu na mwanga, umlipe kwa kipande alichokufikisha. Ukiisha kuteremka, wala si kabla, andika namba ya usajili inayoanza na herufi MC, pamoja na saa na mahali. Taarifa hiyo ipeleke kwa viongozi wa kijiwe chake, kwa askari wa usalama barabarani, au kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Kama ulimwita kwa programu, ripoti humo pia siku hiyohiyo, kumbukumbu ya safari ingali kwenye simu yako.