Zima Stima, Uone Kama Taa ya Mlangoni Itawaka

Leo tuzungumze juu ya zile taa za dharura zilizo juu ya milango ya kumbi na maduka yetu, toka Kaloleni hadi Umoja. Kazi yake ni kuwaka stima ikipotea, watu waone njia. Moto wa Gikomba wa Juni 2018 ulizuka usiku ukaua watu 15. Kwenye moshi na giza, nani atapapasa ukuta akitafuta mlango?

Sasa, wengi wetu tukiona kile kitaa cha kijani tunasema iko sawa. Hapana! Kinaonyesha tu betri inapata chaji, hakisemi ina nguvu. Kila mwezi zima stima ya hizo taa, pitia kila mlango na ngazi, uandike kwenye daftari ile iliyokataa kuwaka. Mara moja kwa mwaka ziache ziwake masaa yote zilizoandikiwa, kwa kawaida 3. Lakini si siku ya mkutano wa jioni, maana betri iliyoisha yaweza kuchukua masaa 24 kujaa tena.

Mkikodi ukumbi wa harambee, mwombeni mwenye nyumba hilo daftari kabla ya kutoa pesa.